Serikali inahesabu mishahara, haihesabu sahani

Chukua wafanyakazi wawili wa kiwanda kimoja. Wa kwanza kapera, kapanga chumba Sinza. Wa pili mzee wa Mbagala: mwanawe kamaliza chuo, kazi hakuna, binti yake karudi nyumbani na watoto wawili. Kila mmoja analipwa shilingi 600,000. Ikitoka asilimia 10 ya NSSF, inabaki 540,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kapera anakatwa kodi 24,000. Babu naye 24,000. Sawa kwa sawa, wanasema wakubwa.

Sisi tunauliza: usawa gani huu?

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamwona mtu mmoja mmoja. Shilingi 270,000 za kwanza haziguswi, uwe unalisha mdomo mmoja au minane. Lakini pale inapotaka, sheria hiyo hiyo inajua kusamehe. Posho za nyumba, usafiri, madaraka na kazi za ziada wanazolipwa watumishi wa serikali hazihesabiwi katika mapato ya kukatwa kodi. Mzee wetu wa kiwandani akipewa posho ya nyumba, inakatwa! Nyumba yake ina watu watano, ya kigogo huenda ina mbwa wawili.

Hata Marekani kwa mabepari wana huruma zaidi. Huko mtu asiye na mwenzi, anayelipia zaidi ya nusu ya gharama za nyumba anamoishi na mjukuu wake, anaweza kujaza fomu kama mkuu wa kaya. Mwaka 2024 mkuu wa kaya alisamehewa dola 21,900 za kwanza, kapera 14,600. Wala si holela. Mtoto mtu mzima mwenye kipato chake kwa kawaida hahesabiwi. Mjukuu mmoja huandikwa na mtu mmoja tu: mama yake akiwa humo humo ndani, yeye ndiye wa kwanza, na bibi atamwandika ikiwa tu mama hakumwandika na kipato cha bibi kinazidi cha mama. Ugomvi wa jikoni, wenzetu wameutungia sheria.

Watasema hapa kwetu watu wataandikisha ukoo mzima. Mtoto ana cheti cha RITA, mkubwa ana namba ya NIDA. Namba ikishatumiwa na mlipakodi mmoja, mwingine asiiguse. Serikali iliyotusajilia laini za simu kwa alama za vidole itashindwa na hili?

Nawe kijana uliyeazima gazeti hili kijiweni, usidhani ni habari ya wazee. Wewe ndiye unayelala sebuleni kwa baba ukiwa na miaka 27. Hukuomba. Ajira waliyokuahidi jukwaani haikuja, na bili yako anailipa mzee kwa mshahara uliokwisha katwa. Yeye ndiye mfuko wako wa wasio na kazi, na hakuna anayemshukuru.

Kweli, msamaha huu hautamgusa mmachinga, anayepimwa kwa mauzo na si kwa mshahara. Hilo lina siku yake.

Bajeti husomwa Juni. Waziri wa Fedha akisimama Dodoma, tunataka kusikia wategemezi wakitajwa kwenye kodi ya mshahara, hata kwa kuanza na wajukuu na watoto wa shule peke yao.