Kuuza Kesho kwa Sifa ya Leo

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii yafaa ikumbukwe na kila aliyekabidhiwa mali ya wengi, na mfano wake ulio wazi umo katika mpira wa kikapu wa kulipwa nchini Marekani.

Katika ligi ya NBA, kila mwaka timu huchagua kwa zamu vijana wanaoingia katika ligi. Zile zilizofanya vibaya ndizo hupigiwa kura ya bahati nasibu kwa zamu za mwanzo. Shabaha ni njema: mnyonge wa leo apate nguvu ya kusimama kesho. Lakini zamu hiyo ni mali, na timu yaweza kuitoa ili ipewe mchezaji aliyekwisha kukomaa. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Mwaka 2013 timu ya Brooklyn Nets, iliyomilikiwa na tajiri wa Kirusi Mikhail Prokhorov, ilitaka ubingwa wa haraka. Iliwachukua kutoka Boston Celtics Kevin Garnett mwenye umri wa miaka 37, Paul Pierce mwenye miaka 35, na Jason Terry. Kwa upande wake ilitoa wachezaji kadhaa, zamu zake za duru ya kwanza za miaka 2014, 2016 na 2018, na haki ya kubadilishana zamu mwaka 2017.

Faida yake ilikuwa ndogo. Msimu wa kwanza timu ilishinda michezo 44, ikatolewa na Miami katika raundi ya pili, na ikatozwa na ligi zaidi ya dola milioni 90 kwa kuvuka kiwango cha mishahara. Kufikia Februari 2015 wachezaji wote watatu walikuwa wamekwisha kuondoka. Deni likabaki.

Msimu wa 2015-16 Brooklyn ilishinda michezo 21 tu kati ya 82. Zamu yake, ya tatu, ikampa Boston kijana Jaylen Brown. Msimu uliofuata ilishinda 20, idadi ndogo kuliko timu zote. Zamu ya kwanza ikaenda Boston, na Brooklyn ikaambulia ya 27. Boston ikabadilishana na Philadelphia, ikashuka hadi ya tatu na kumchukua Jayson Tatum. Mwaka 2024 vijana hao wawili waliiongoza Boston kutwaa ubingwa. Hivyo kila Brooklyn iliposhindwa, aliyenufaika ni jirani.

Wako watakaosema kwamba kutoa zamu si kosa daima. Ni kweli. Boston yenyewe ilitoa vijana na zamu mwaka 2007 ili impate Garnett huyo huyo, ikawa bingwa mwaka 2008. Lakini wakati huo Garnett alikuwa na miaka 31. Ubaya basi hauko katika kubadilishana, bali katika kutoa miaka mingi ijayo kwa nguvu zinazokaribia kwisha.

Ligi ilikwisha kuonywa mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ted Stepien, mwenye timu ya Cleveland, aligawa zamu ovyo hata ikawekwa kanuni kwamba timu isijiachie miaka miwili ijayo mfululizo bila zamu ya duru ya kwanza. Brooklyn iliruka mwaka, na kuuziba mwaka wa katikati kwa haki ya kubadilishana. Ilitii maneno ya kanuni, ikaikiuka shabaha yake.

Meneja mkuu wa biashara ile aliondolewa katika kazi hiyo Januari 2016. Waliolipa ni warithi wake na wapenzi wa timu, ambao hawakuulizwa. Kanuni peke yake haitoshi kulinda akiba. Yahitaji viongozi wanaotambua kwamba mbegu ya msimu ujao si chakula cha leo, na kwamba dhamana waliyopewa haiishi siku wanapoondoka ofisini.