Nyaraka mpaka mwaka wa tatu? Mi sikubali

Niko Mbozi Mission. Baridi ya huku ni ile ya kulala na soksi, kahawa ipo, umeme unakuja ukijisikia. Leo sina habari za boom wala supu. Nina dukuduku kuhusu maktaba.

Hivi sisi wa ualimu wa historia, ni wangapi tumeshawahi kushika faili la zamani? Nasema faili lenyewe, siyo kitabu kilicholinukuu. Niliwauliza washkaji wa kozi, nikampata mmoja tu, tena kwa sababu mjomba wake yuko masjala! Chuoni kwetu nyaraka tunaonyeshwa mwaka wa tatu, utafiti ukishabisha hodi, semina ya masaa mawili basi. Miaka miwili yote kabla ya hapo ni desa. Desa la kaka aliyemaliza, naye alilirithi kwa aliyemtangulia. Halafu tunaenda kumfundisha mtoto wa sekondari vyanzo vya historia, eti "nyaraka ni chanzo muhimu". Umeionea wapi wewe mwalimu?

Mi nasema tupelekwe mwaka wa kwanza, kabla desa halijatuzoea.

Chukua hapa hapa nilipo. Wamoravian toka Ujerumani walifika Rungwe 1891, na hapa Mbozi wakafungua misheni 1899, Traugott Bachmann akakaa na Wanyiha miaka mingi. Wale jamaa walikuwa watu wa kuandika: shajara za kituo, barua, taarifa za mwaka, karatasi zinasafiri mpaka makao makuu Herrnhut, ambako kanisa lina hifadhi yake ya nyaraka mpaka leo. Mmisionari mwenzao wa ukanda huu, mama Elise Kootz-Kretschmer, aliandika maisha ya akina Narwimba na Chisi kama walivyosimulia wenyewe, wanawake waliopitia kutekwa na kutolewa kwa watu wengine enzi za biashara ya watumwa huku kati ya Ziwa Nyasa na Tanganyika. Yalichapwa Kijerumani, baadaye mwanahistoria Marcia Wright akayatoa kwa Kiingereza. Mimi mtoto wa huku huku nimesoma biashara ya watumwa tangu shule ya msingi, ni Zanzibar na Bagamoyo, Bagamoyo na Zanzibar. Narwimba sikuwahi kutajiwa hata siku moja.

Na usidhani faili ni ukweli mtupu. Mmisionari anawaandikia watu wa kwao wanaotoa sadaka, kwa hiyo kuna mambo atayapamba na mengine atayameza. Bwana DC wa Mwingereza naye anamwandikia mkubwa wake, anataka aonekane wilaya imetulia. Ukisoma mstari kwa mstari huku unajiuliza nani kaandika, kamwandikia nani, alitaka nini, na nani hakuulizwa kabisa, hapo ndo akili ya historia inapochemka. Semina ya masaa mawili haifanyi hiyo kazi. Ni mpaka ukae na lile box, ujaze fomu ya kuomba faili, begi lako libaki nje, kalamu ya wino marufuku, penseli tu, upekue karatasi hamsini za bei ya mahindi ndo ukutane na moja inayokushtua.

Najua jibu la wakubwa: wa mwaka wa kwanza ni wengi, watachana karatasi. Sawa, tuanze na nakala! Piga picha faili moja, gawa vikundi, kila kikundi kilete kurasa mbili za maelezo. Wakishajua adabu ya kazi, wapelekwe kwa zamu. Na vitu vya kusoma vipo nchini. Maktaba ya UDSM ina karatasi za Hans Cory, yule mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, na Nyaraka za Taifa pale Dar zina mafaili toka enzi za Mjerumani.

Tena hatuombi kitu kipya. Mwaka 1968 wanafunzi wa shahada ya kwanza wa pale pale Dar, wakati huo bado Chuo Kikuu Kishiriki, walisambaa kusini kuwahoji wazee walioishi wakati wa Maji Maji ya 1905 hadi 1907, na kazi zao zikakusanywa. Wale wazee wote wameshaondoka. Maneno yao tunayo kwa sababu kuna vijana wa umri wetu waliaminiwa na daftari, na wanahistoria wakubwa bado wanazitumia karatasi zile.

Basi, nimeandika barua kwa mratibu wa kozi, ukurasa mmoja, naomba zoezi moja tu la nyaraka muhula wa kwanza kwa wanaoingia mwakani. Nikirudi naizungusha bwenini. Watu wa lugha na jiografia mnakaribishwa pia, saini ni saini.