Msaidizi au Mlezi? Kwa Mhitimu Anayesitasita

Kila mwaka, baada ya majoho ya mahafali kurudishwa, mhitimu wa Kiswahili hujikuta njia panda. Mwenye shahada ya elimu husubiri kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, na aghalabu kusubiri huko huhesabiwa kwa miaka wala si kwa miezi. Yamkini katika kipindi hicho akaitwa na mwalimu mkuu wa shule ya jirani: pana nafasi ya msaidizi katika kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili, ujira si mkubwa, kazi inaanza Jumatatu. Je, aikubali?

Marafiki humpa majibu mawili, na yote mawili ni mabovu. La kwanza ni kwamba hiyo ni kazi ya wito, ya wenye moyo wa huruma, na kwamba atapata thawabu. La pili ni kwamba ajishikize tu mpaka kazi yenyewe ipatikane. Hili la pili angalau linasema kweli kuhusu njaa. La kwanza ndilo la hatari. Mwenye huruma humfunga vifungo vya shati kijana wa miaka 22 kila asubuhi, kwa kuwa ni haraka zaidi. Mwaka unapokwisha kijana bado hajui kufunga kifungo, na msaidizi anasifiwa kwa upendo wake.

Kazi yenyewe ni kinyume cha hayo. Walimu wa elimu maalumu hufunzwa kuigawa shughuli katika hatua ndogo ndogo, na mara nyingi kuanza na hatua ya mwisho. Msaidizi hufunga vifungo vyote isipokuwa kimoja, akamwachia mwenyewe. Siku akikimudu, huachiwa viwili. Hivyo kila jaribio humalizikia katika ushindi wa mwenye shati. Mtu asiyeweza kutazama kifungo kikihangaikiwa kwa dakika nne bila kuingiza mkono wake, na atafute kazi nyingine, hata awe mpole kiasi gani.

Pana upande mwingine ambao watoaji nasaha huusahau, nao ni lugha. Ulemavu wa akili (ambao si ugonjwa wa akili, ingawa hata wasomi huyachanganya hayo mawili) huathiri wepesi wa kuelewa, kujifunza na kujieleza. Mtu akiambiwa, “Kitabu kilicholetwa na mwalimu aliyekuja jana kirudishwe kabatini,” ametwishwa mzigo mzito kwa pumzi moja. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuchanganua sentensi kwa mchoro wa matawi huona mara moja palipo na virejeshi na kauli ya kutendwa, naye anaweza kuifumua: Mwalimu alikuja jana. Alileta kitabu hiki. Kirudishe kabatini. Maarifa yaliyodhaniwa kuwa ya mtihani tu ndiyo yanayoamua hapa iwapo mtu ataelewa au atafokewa.

Ndivyo yalivyo maswali pia. Ni jambo linalofahamika kwa muda mrefu kwamba watu wengi wenye ulemavu huu huelekea kuitikia “ndiyo” wanapoulizwa swali la ndiyo au la, hasa na mwenye mamlaka. Unataka uji? Ndiyo. Unataka chai? Ndiyo. Msaidizi asiyelijua hilo huandika daftarini kwamba mtu wake ameridhika. Anayelijua huweka vikombe viwili mezani, akauliza, kisha akabadilisha mpangilio na kuuliza tena, maana wengine hurudia neno la mwisho walilolisikia. Kwa uji na chai hasara ni ndogo. Lakini swali linapokuwa ni nani aliyemgusa usiku, nani aliyechukua pesa zake, au anataka kuishi na nani, ulizaji mbaya huweza kumwacha mikononi mwa anayemdhulumu.

Kwa sababu hiyo jina la kazi nalo lina uzito. Mlezi hulea, na anayelelewa huwa mtoto. Ndiyo maana mtu wa miaka 40 bado huitwa “huyu mtoto wetu” mbele ya wageni. Mjadala wa ngeli za kilema, kipofu na kiziwi umeendeshwa vya kutosha katika vyuo vikuu; taahira hana kiambishi ki- cha kumfanya kifaa, na hilo halikumkinga na dharau hata kidogo. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2008, unakwenda mbali zaidi: unataka asaidiwe kuamua, si kuamuliwa. Neno msaidizi linafaa, kwa kuwa linakiri kwamba mwenye jambo ni mwingine.

Ugumu wake usifichwe. Kuna kuosha na kubadilisha nguo. Kuna kupigwa kofi na mtu anayeumwa jino asiyeweza kulisema. Mshahara ni haba, pengine kwa sababu kazi hii imefanywa bure na akina mama na nyanya kwa vizazi, na kinachofanywa bure hudhaniwa hakihitaji ujuzi. Anayetaka kupanda ngazi hana budi kurudi masomoni, kwa mfano katika Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya iliyoanzishwa mwaka wa 1986, kule Kasarani. Wapo walioivamia kwa ajili ya safari. Uingereza ilifungua viza za watoa huduma mwaka wa 2022, na Julai 2025 ikaufunga mlango huo kwa waajiriwa wapya kutoka ng’ambo. Aliyeichagua kwa ajili ya viza peke yake alibaki bila sababu.

Mhitimu huyo basi asijibu kwa simu. Aombe siku chache za kuketi katika kitengo kabla ya kutia saini, na asikilize nani huzungumza na nani: je, maneno humfikia mwanafunzi, au hupita juu ya kichwa chake? Ajipime pia kwa dakika zile nne za kifungo. Na kijana mwenye shati aulizwe, kwa njia ya vikombe viwili, iwapo anamtaka. Naye ana haki ya kumkataa.