Goti la mama haliko kesi ya polisi

Vijana wenzetu wa Kalemie,

Tuongee wazi jambo ambalo wengi wanalisemea chini-chini: mafuta na pomade za kuchanganywa na bangi, zile mtu anapaka pale tu panapouma, kwenye goti, bega ao mgongo. Mji wetu unaishi kwa mabega ya watu. Wanaoshusha mifuko bandarini, bamama wanaobeba samaki na makala, motari wa barabara zenye mashimo: wote wanaumwa, na wengi hawana franka za kuenda kwa muganga.

Je, inasaidia? Tusidanganyane. Dawa iliyo ndani ya bangi inayeyuka katika mafuta, njo maana inaingia vizuri kwenye pomade. Ukipaka, sehemu kubwa inabaki kwenye ngozi. Haiko sawa na kuvuta. Lakini utafiti kwa watu ungali mdogo, hakuna wa kuapa kwamba inaponya goti. Geli ya diklofenaki, ile ya farmasi, imepimwa zaidi kwa maumivu ya goti.

Hatari iko wapi? Iko kwenye chupa isiyo na etiketi. Pomade za kujichubua zilishatufundisha: nyingine zina kotikoidi kali zinazofanya ngozi kuwa nyembamba. Nani anahakikisha hazimo kwenye hii pia?

Sheria ya Congo inakataza bangi. Lakini dunia imesonga. Tarehe 2 Desemba 2020, huko Vienna, tume ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura, 27 kwa 25, kuitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya zinazobanwa zaidi, juu ya faida yake katika tiba. Inabaki chini ya ulinzi, lakini mlango wa tiba umefunguka. Rwanda, jirani yetu, tangu 2021 imeruhusu kuilima kwa ajili ya dawa za kuuza inje, huku raia wake bado wanakatazwa kuitumia.

Na Kinshasa? Kimya. Kimya hiki kinamfaa muuzaji mudanganyifu, na yule mwenye kutafuta franka mifukoni mwa watu.

Kwa hiyo tunadai:

1. ACOREP, mamlaka ya dawa, ipime pomade za maumivu zinazouzwa sokoni, na itangaze majibu.
2. Bunge lijadili waziwazi bangi ya tiba, yenye kipimo na ruhusa.
3. Mama aliyekutwa na chupa ya kupaka asifanywe benki ya mtu.
4. Vituo vya afya vya Tanganyika vipate dawa za maumivu kwa bei ya raia.

Wakati tunangojea: usipake chupa usiyoijua, usiweke kwenye kidonda wala kwa mtoto. Goti likivimba na homa ikipanda, hapo si pomade tena, kimbia hospitali.

Leta iko na kazi. Iifanye.