Shahada na Kandanda Nchini Kanada

Wapo wanaoshikilia kwamba chuo kikuu humpotezea mwanasoka wakati. Hoja hiyo haina mashiko. Cyle Larin, mzawa wa Brampton, alitoka Chuo Kikuu cha Connecticut akateuliwa wa kwanza kabisa na vilabu vya ligi ya Marekani mwaka 2015. Kasoro ni kwamba ilimbidi avuke mpaka, kwani Ligi Kuu ya Kanada haikuanza hadi 2019. Sasa vilabu vyake huteua wanafunzi wa humohumo nchini, nao waweza kurejea darasani na kuendelea kuchezea vyuo vyao. Waliodhulumiwa hasa ni wanawake: Christine Sinclair, aliyenolewa Chuo Kikuu cha Portland, aliongoza wenzake kutwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2021, ilhali ligi yao ya kulipwa nyumbani ilizaliwa 2025, yeye keshastaafu.