AFYA YA NYUMBANI: Picha Safi, Uvimbe Upo



Juma lililopita mama mmoja alifika ofisini kwetu parokiani kuomba barua ya Padre. Ana uvimbe katika titi la kushoto, mgumu, usiouma. Hospitali moja ilimpiga mamografia, yaani eksirei ya matiti, akaambiwa picha ni safi. Basi mumewe akasema, "Nauli ya nini tena?"

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Eksirei aliivumbua Röntgen, Mjerumani, mwaka 1895. Mwaka 1913 daktari Salomon wa Berlin alieleza habari za matiti yapatayo 3,000 yaliyokatwa, aliyoyachunguza kwa eksirei. Siku hizi titi hubanwa kati ya vibao viwili (huuma kidogo, tusidanganyane), na picha huweza kuonyesha vichembe vya chokaa ambavyo mkono hauvigusi kamwe. Kwa mama wa makamo ni msaada mkubwa. Lakini katika picha hiyo mafuta huonekana meusi, nyama ya titi nyeupe, na saratani nayo nyeupe. Mwanamke kijana ana nyama nyingi. Kutafuta saratani humo ni kama kumtafuta yangeyange katika shamba la pamba iliyopasuka.

Huyo apimwe pia kwa altrasaundi, ile ile wanayopimiwa waja wazito. Hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, nayo hutambua kama uvimbe ni mfuko wa maji au ni kitu kigumu. Vile vichembe vya chokaa, lakini, mara nyingi huipita.

Ipo na mashine ya sumaku, em-ar-ai. Mgonjwa huchomwa dawa mshipani, na mashine huona mengi kuliko hizo mbili, ila ni ghali, na pengine hutia watu hofu kwa kitu kisicho saratani. Huwafaa hasa wale ambao ugonjwa umo katika ukoo wao.

Na zote tatu hazikati shauri. Kinachokata shauri ni sindano ya kutoa kinyama kidogo kikatazamwe kwa hadubini. Mama yule hakuchomwa sindano hiyo wala hakupimwa altrasaundi, naye ana miaka 34 tu.

Tulimwita mumewe. Alisikiliza kimya, kofia mkononi, kisha akaniuliza basi la mjini huondoka saa ngapi. Nikamwambia, saa kumi na moja alfajiri.