Neno la Mhariri: Wanaofika Kwanza

Ajali ikitokea kati ya Mlandizi na Chalinze, gari la wagonjwa si la kwanza kufika. Hufika abiria wa basi la nyuma, muuza mahindi, kijana wa bodaboda. Majeruhi hushikwa mikono na miguu, hata kama shingo imevunjika, akapakiwa kwenye pikapu. Mwingine hubebwa mshikaki kwenye bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na msamaria. Nia ni njema kabisa, lakini hakuna aliyewahi kuwafundisha kukandamiza jeraha linalotoa damu, wala kumlaza ubavu aliyepoteza fahamu ili asipaliwe.

Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara ya dharura, na chuo kikuu cha afya cha MUHAS kikaanza kusomesha mabingwa wa fani hiyo. Tunajivunia hilo. Hata hivyo, mshipa mkubwa ukikatika mtu anaweza kufa kwa dakika chache, na bingwa yuko Dar es Salaam.

Baadhi ya waandishi wa toleo hili wanadai magari ya wagonjwa zaidi. Hatuwapingi, ila gari lisilo na mafuta wala mhudumu aliyefunzwa ni teksi yenye king'ora. Tuanze na watu waliopo barabarani. Nchini Ghana madereva 335 wa magari ya abiria walifundishwa huduma ya kwanza kwa saa sita tu; baadhi yao walipofuatiliwa miezi kumi hivi baadaye, zaidi ya nusu walikuwa wameshaitoa. Na nani atamlipa nauli dereva anayembeba majeruhi? Jibu tunalo: kupitia m-mama, mfumo ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, simu hupigwa namba 115 kwa ajili ya mjamzito mwenye dharura, na pasipo gari la wagonjwa huitwa dereva wa mtaani, akalipwa. Aliyegongwa na lori naye ana haki hiyo.

Kigumu zaidi ni woga. Msamaria anahofia kulala kituoni akihojiwa, na hadithi za PF3, ile fomu ya polisi iliyodaiwa kabla ya matibabu, amezisikia tangu utotoni. Serikali imekwisha kueleza kwamba majeruhi wa dharura atibiwe kwanza, fomu ifuate, lakini vijiweni wengi bado hawaamini, na hatushangai.

Kwa hiyo tunaliomba Bunge litunge sheria inayomlinda waziwazi anayemsaidia majeruhi kwa nia njema, na mamlaka za leseni zihakikishe kila dereva wa bodaboda amefundishwa huduma ya kwanza kwa vitendo kabla hajapakia abiria.